Kochi la Kibarazani

9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na magoti yametulia. Huku kwetu hatujambo. Baba watoto bado anagombana na saa za watu. Juzi alipambana na saa moja ya ukutani tangu asubuhi, na ilipokubali kugonga akaniita nitoke jikoni nije kuisikiliza, utadhani kuna mtoto kazaliwa. Mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele. Mdogo anamcheka bila kujua kwamba zamu yake inakuja.

Shangazi, mzigo umefika. Kochi refu, makochi mawili mafupi, meza ya kioo na kabati la televisheni, vyote vimefika bila mchubuko, isipokuwa chini ya kabati. Lile kabati, kama ujuavyo, si mbao kweli, ni vumbi la mbao lililogandishwa, na likionja maji tu linaumuka. Dereva alisema alivikuta vyote nje kibarazani, vimefunikwa turubai. Nikadhani ndiyo mambo ya kuhama.

Sijui nikushukuruje. Nilipokuwa nakuja kwako likizo, kochi lile tulikuwa tunalitazama kwa mbali kama mgeni rasmi. Unakumbuka? Lilikuwa na nailoni ya dukani miaka yote, na mtu akikaa inalia, nawe huko jikoni unauliza, "Nani huyo?" Sasa liko sebuleni kwangu na naogopa kulikalia. Nimeitoa nailoni, Shangazi. Niwie radhi. Nilisubiri siku tatu kwanza.

Nikuambie ukweli, lilipoingia niliingiwa na wasiwasi. Unaijua kazi yangu. Watu wanakuja kwangu kushonewa mapazia na kupambiwa vyumba kwa mtindo wa kizamani, na sebule yangu ndiyo duka langu. Nilikuwa na viti viwili vya mbao vya babu, vile vya mikono mipana, redio ya mbao isiyosema, kandili, na vitambaa vya kufuma vya bibi. Halafu katikati linaingia kochi jeupe la ngozi ya bandia, lina pembe nne kama jokofu. Baba watoto alisimama mlangoni akasema, "Hapa bibi harusi kakosea nyumba."

Lakini nimepata wazo. Sitaviweka vya zamani upande huu na vya kisasa upande ule vikinuniana. Nitavichanganya, vikae kama ndugu wa baba mmoja na mama tofauti. Nikimaliza nitakueleza.

Ulisema unatupa hivi kwa sababu nyumba mpya inataka vitu vipya. Je, imefikia wapi? Na makochi mapya umeagiza rangi gani?

Mwanao,
Sindano


2 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua yako imefika, nimeisoma nikacheka peke yangu. Mwambie mkubwa asiwe anatia ulimi kwenye pengo, meno yataota yamepinda halafu mtahangaika naye. Mimi mzima. Magoti ni yaleyale, yanajua hali ya hewa kuliko watu wa redioni.

Nailoni. Haya. Miaka ishirini kochi lile halikupata doa hata moja, na ndani ya miaka hiyo nimelea mabweni mawili ya wasichana wenye mikono ya wino. Sasa ni lako, sina la kusema. Ila kama kuna mtu atalikalia amevaa suruali ya kazini yenye grisi za saa, mwambie shangazi ana macho huko huko aliko.

Hilo la viti vya babu silielewi. Mimi nimekulia kwenye vile viti. Vilinifinya mapaja tangu naanza kusoma, na nikaapa kwamba siku nikipata mshahara wangu sitakalia ubao tena. Nimetoka huko kwa jasho. Wewe unarudi kwa hiari yako, tena watu wanakusifu! Na vitambaa vya mama yangu vya kufuma, vile vilikuwa vya kufunika mitungi, si vya kuvika kochi. Lakini wewe ndiye fundi.

Vyombo vilikuwa kibarazani siku moja tu, kwa ajili ya wapaka rangi. Dereva yule ana maneno mengi kuliko magurudumu.

Nyumba iko kwenye lipu. Mafundi ni walewale, leo wapo, kesho hawapo. Kwa sasa nimejishikiza mahali mpaka wamalize. Kwa hiyo barua zako usizitume tena kwa anwani ya shule. Niandikie kwa sanduku la yule mama mfua nguo wa bweni, unamkumbuka, atanipa. Na usinipigie simu. Simu inataka jibu papo hapo, na mimi nimezoea kufikiri kwanza. Isitoshe, hapa nilipo kuta ni nyembamba.

Rangi ya makochi bado sijaamua.

Shangazi yako


21 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Mdogo naye ameng'oka, kwa hiyo amani imerudi nyumbani. Baba watoto anakusalimia sana na anasema suruali ya kazini anaivulia mlangoni siku hizi.

Sebule imekamilika! Kaa nikueleze.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulificha kochi. Nililifunika lote kwa vitambaa vya bibi, likawa kama mgonjwa aliyefungwa bandeji. Nikavitoa vyote. Nikaenda kwa fundi seremala, nikamwomba anikerezee miguu minne ya mbao, mirefu kidogo, yenye kiuno kama ile ya viti vya babu. Tukaitoa ile miguu ya chuma iliyokuwa imejificha chini, tukafunga hii. Kochi likainuka, likapata shingo. Halafu nikaliweka katikati ya vile viti viwili, kimoja kila upande, weupe wake ukaacha kupiga kelele. Kitambaa kimeruhusiwa kimoja tu, mgongoni.

Meza ya kioo nimeipenda kuliko vyote. Chini ya kioo nimetandaza kile kitambaa kikubwa cha bibi chenye maua, sasa kinaonekana chote na hakuna anayekigusa. Kabati nimelipiga msasa, nikalipaka kijani cha zamani, nikabadilisha vishikio nikaweka vya shaba. Pale palipovimba nimepiga ubao mwembamba kama pindo. Huwezi kujua.

Watu wanaingia wanasimama. Mmoja alisema chumba hiki kinafanana na mtu aliyesoma lakini bado anaamkia wakubwa. Wiki ijayo atakuja mama mmoja anayeandika ukurasa wa nyumba kwenye gazeti la kila wiki, na mpiga picha wake. Shangazi, kazi yangu gazetini! Nimeshona mapazia mapya, sili vizuri.

Baba watoto anapendekeza shule zikifungwa mwezi ujao tuje kukuona, watoto wakacheze kwenye hiyo nyumba mpya hata kama haina rangi. Nimemwambia nitakuuliza.

Mwanao,
Sindano


14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na mafua.

Msije. Lipu bado mbichi na watoto watashika kuta. Madirisha hayajawekwa. Tena njia ya kwenda kule imeharibika, gari halifiki. Mwambie baba watoto nimeshukuru wazo lake, ni mtu mwema, sikutegemea hayo siku ya harusi yenu.

Hongera kwa gazeti. Miguu ya mbao sijaielewa, ila kama kochi limepata shingo ni vizuri. Mimi nimelifuta vumbi miaka yote hiyo na sikujua kwamba linakosa shingo.

Mfua nguo anakusalimia. Anasema alikuwa anakupa sabuni za vipande ukawaogeshe wanasesere. Ana moyo mkubwa yule mama, na nyumba ndogo.

Shangazi yako


3 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Mvua zimetukalia huku, wateja wachache. Mkubwa amekuwa wa nne darasani.

Picha zilitoka gazetini wiki iliyopita. Zimependeza. Ningekutumia nakala lakini zote zimeisha, watu walizigombania, na ile yangu mtoto aliimwagia maji. Si kitu kikubwa, ni ukurasa mmoja tu, na wameandika maneno yao wenyewe kama kawaida ya magazeti. Usijisumbue kulitafuta.

Vipi lipu?

Mwanao,
Sindano


26 Mei

Sindano,

Marahaba.

Mfua nguo anapenda ukurasa ule wa nyumba. Hanunui gazeti, anaupata kwa dada mmoja wa saluni wakishamaliza kuusoma. Jumapili tulikuwa tumekaa kitandani, mimi nachambua mboga, yeye anapekua. Akasema, "Matroni, hili si kochi letu?" Alilijua licha ya miguu yako ya kukereza, maana alikuwa akinisaidia kulipangusa. Akaanza kunisomea kwa sauti, kwa furaha, kwa kuwa jina lako la kazi lilikuwepo.

Nimeyanakili hapa ili usije ukasema nimetia chumvi:

"Kochi hili, anasema fundi, lilikuwa mali ya mama mmoja mstaafu asiye na pa kukaa. Lilikuwa kibarazani, linanyeshewa. 'Nilimwonea huruma, nikalichukua,' anasema huku akilipapasa mgongo."

Alipofika kwenye kunyeshewa akanisogezea ukurasa. Yaliyobaki nikayasoma mwenyewe. Baadaye akainuka akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado hazijakauka.

Nina swali moja tu. Nani alikuambia?

Shangazi yako


8 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Watoto wazima, baba yao mzima. Mengine ya nyumbani sitaandika leo, nisije nikajificha nyuma yake.

Hakuna aliyeniambia.

Nianze na gazeti. Yule mama alizunguka chumba, akashika redio, akauliza ilitoka wapi, nikamwambia ya babu. Akashika viti, nikasema vya babu. Akaandika. Kisha akafika kwenye kochi akauliza, "Na hili la kisasa?" Nikaona aibu. Nilitakiwa kusema nimepewa na shangazi yangu. Maneno manne tu! Lakini nilijiona nitaonekana fundi wa kupamba nyumba za watu ambaye yake mwenyewe anaipambia vya kupewa, kama mtoto anayevaa viatu vya kaka yake. Wateja wa mtindo huu wanataka kila kitu kiwe na hadithi. Basi nikamtungia hadithi. Ilinitoka bila kukwama, na nilipoisikia ikitoka nilishangaa ninavyoijua vizuri.

Hapo ndipo penye ubaya wenyewe, Shangazi. Sikuitunga. Niliijua.

Nilijua siku mzigo ulipofika. Mimi nimeshashughulika na makabati ya aina ile, na mvua ya siku moja haiwezi kuliumua namna ile. Lilikaa nje wiki kadhaa. Nikajiuliza, mtu mwenye nyumba ya vyumba vitatu, hata kama haina lipu, kwa nini aweke kochi lake kibarazani, tena wewe, uliyekuwa unatufukuza tukikaribia na kikombe cha maji? Kisha ukaandika niache kutumia anwani ya shule. Kisha kuta nyembamba. Kila barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kama ulivyoiandika, na mara ya pili kama mambo yalivyo.

Na bado nikakuuliza, "Vipi lipu?" Niliandika maneno hayo kwa mkono huu.

Baba watoto ameniuliza si chini ya mara tatu, "Lakini Shangazi analala wapi hivi sasa?" Nikamjibu, "Kwake." Mara ya mwisho nilimkaripia. Akarudi kwenye saa zake.

Utauliza kwa nini sikusema. Kwa sababu ningekuuliza, ungejibu. Na ungejibu, ningelazimika kusema uje. Tuna vyumba viwili na sebule. Chumba cha pili ndicho cha cherehani, watoto wanalala humo humo kati ya majora ya vitambaa. Nilifikiria cherehani yangu. Nilikufikiria wewe na macho yako kwenye kila kona, mimi mwanamke mzima naulizwa, "Nani huyo?" ndani ya nyumba yangu. Nikasema mwenyewe hajaomba. Kochi nikalichukua, mwenye kochi nikamwacha nje. Wewe ndiye uliyenilipia shule baba alipougua, ndiye uliyeninunulia cherehani ya kwanza, na nilijua hayo yote nilipokuwa nafunga ile miguu.

Wiki hii nilikwenda kwa yule mama wa gazeti. Nikamwambia kochi ni la shangazi yangu, nilipewa bure kwa upendo, na kwamba hayo mengine nilimdanganya. Nilimwomba aandike hivyo. Akacheka akasema hiyo haina ladha, wasomaji wameipenda ile ya kwanza. Nilitoka pale uso umenishuka mpaka magotini.

Nimemwambia pia baba watoto. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi aje," kisha akauliza kama kitanda cha mkubwa kinaweza kuingia sebuleni.

Shangazi, nisamehe. Njoo utembee kwetu, hata kwa wiki mbili, hata mwezi. Utapumzika.

Mwanao,
Sindano


19 Julai

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Hatujambo. Mfua nguo ana kikohozi lakini hataki kuacha kufua. Wajukuu zangu wasalimie.

Nimekaa na barua yako zaidi ya mwezi. Mara mbili nimeanza kujibu kwa hasira, nikachana. Mfua nguo akaniambia karatasi zinakwisha.

Umeniambia yako, nami nikuambie yangu. Sikumwambia mtu yeyote, hata huyu ninayelala naye chumba kimoja, ingawa nadhani anajua kama ulivyojua wewe. Watu wanajua zaidi ya tunavyowapa nafasi ya kusema.

Nyumba haipo. Haikuwahi kuwepo.

Kiwanja kilikuwepo. Nilikinunua, nikaweka mawe, nikasimama juu yake nimevaa gauni langu la mikutano, nikamwandikia baba yako kwamba dada yake anajenga. Baada ya miezi minane akatokea mtu na karatasi zake, na karatasi zake zilikuwa za kweli kuliko zangu. Tuliuziwa watu wanne kiwanja kimoja. Wenzangu walilia hadharani, wakapiga mayowe, wakaenda kwa wakubwa. Mimi nilikuwa matroni. Wasichana mia mbili walikuwa wanasimama nikipita. Niliona haya kuonekana nimeingizwa mjini kama mshamba, nikarudi kazini, nikavaa saa yangu, nikapiga kengele ya chakula.

Baba yako akaandika kuuliza msingi umefika wapi. Laiti ningemwambia siku hiyo. Ingeuma siku moja tu. Nikamwandikia kwamba msingi umekwisha. Alifurahi, akawasomea barua yangu majirani, wewe ulikuwa mdogo, huenda unakumbuka. Mwaka uliofuata ikabidi nipandishe kuta, kwa sababu msingi hauwezi kukaa mwaka mzima bila kuta. Kisha nikaezeka. Nyumba ile nimeijenga kwa kalamu, mwanangu, tofali kwa tofali. Nilikuwa nawauliza walimu habari za saruji na mbao za paa ili nisikosee nikiandika. Baba yako alikufa akijua dada yake ana nyumba ya vyumba vitatu, na siku ya mazishi watu walinipa pole wakasema angalau wewe umejisitiri.

Kwa hiyo nilipostaafu na shule ikamhitaji matroni mpya ndani ya nyumba yao niliyokuwa naishi, sikuwa na mbele wala nyuma. Nilitoa vyombo kibarazani tarehe ya mwisho ilipofika, na mwenzangu aliyeingia alikuwa mpole, aliniacha niviweke pale wiki tano. Wiki tano nilikuwa napita kuvitazama kama naangalia mgonjwa. Ndipo nikakukumbuka wewe, nikaandika kwamba nataka vipya.

Nilikukasirikia kwa sababu ya gazeti, sitakuficha. Lakini nikijiuliza kilichoniuma, si kwamba ulidanganya. Mimi ni nani wa kumnyooshea mtu kidole kwa kudanganya? Kilichoniuma ni kwamba kila ulichomwambia yule mama kilikuwa kweli, na ulikisema kwa urahisi, na mimi sijawahi kuweza kukisema hata mara moja.

Hilo la kwamba ulijua ukanyamaza, nimelifikiria zaidi. Limeniumiza, kisha likanifanya nicheke kidogo, kwa sababu hata mimi nisingependa kukaa na mimi. Nitauliza, "Nani huyo?" Sitaacha. Nina miaka sitini na mbili.

Sasa nisikilize. Umeandika, "Njoo utembee." Nimelisoma neno hilo mara nyingi kuliko yote. Mtu anayetembea ana kwake, na siku zikifika anafunga mzigo anarudi, na wenyeji wanamsindikiza mpaka barabarani wakishukuru. Mimi nikija kutembea, nitarudi wapi? Nitakaa kwenu wiki mbili nikihesabu siku, nanyi mkihesabu, na hakuna atakayethubutu kutaja idadi. Siwezi kuanza uongo mwingine, nimechoka na ule wa kwanza.

Ukinitaka, niandikie neno lenyewe. Usipolitaka, usiliandike, na sitakununia. Nitabaki hapa na mfua nguo na tutaendelea kuandikiana habari za meno ya watoto. Lakini usiniandikie lile la kutembea.

Shangazi yako


27 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe 5 ya mwezi huu. Sitaki kukudanganya kwamba posta ilichelewa. Imekuwa ndani ya droo ya cherehani wiki tatu na siku moja, na kila siku nilishona juu yake. Siku nyingine nilikuwa nakaribia kuandika hapana. Nakuambia hivi ili usije ukasikia baadaye kwa mtu mwingine, au ukajua mwenyewe.

Jana niliitoa cherehani kwenye kile chumba. Ilinichukua asubuhi nzima, na nilifanya kwa kununa, nikigonga vitu. Watoto wamehamia chumbani kwetu. Majora yako chini ya vitanda. Kitanda chako ni cha mkubwa, kifupi kidogo, fundi seremala atakirefusha kabla ya Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao. Baba watoto anakuja kukuchukua siku hiyo. Amekodi gari na amemchukulia mfua nguo zawadi ya saa, usimwambie.

Njoo ukae.

Jirani wa mbele aliona pilikapilika akauliza tunapokea mgeni gani. Niliona haya, sitakuficha. Nikamwambia si mgeni, ni shangazi yangu, hana nyumba, anahamia kwetu. Akauliza tena kwa sababu sauti yangu ilikuwa ndogo. Nikarudia.